Bomba ni Bomba

Spana ilimponyoka Fundi Bomba ikatumbukia chooni, tena choo cha watu wenye vyao, chenye vigae hadi darini na taulo mbili zilizotundikwa kwa ajili ya kutazamwa tu. Aliitazama inavyozama, kisha akautazama mkono wake wa kulia, ambao ulikuwa unaning'inia tu na hautaki kumsikia. Alitaka kutukana. Kilichotoka hakikuwa tusi wala hakikuwa neno. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama mlangoni kulinda sabuni zake, alimsogelea.

"Hebu pumua, fundi. Pumua nisikie."

Alikuwa anatafuta harufu ya pombe. Mtu mzima wa miaka hamsini na minane, aliyeacha pombe mwaka aliozaliwa binti yake, alisimama katika choo cha watu akampumulia mwanamke usoni. Baada ya dakika kumi mkono ulirudi na ulimi ukarudi, ila kazi haikurudi. Aliambiwa aache palivyo, ataitwa fundi mwingine. Spana aliitoa mwenyewe kwa mkono.

Nyumbani alisimulia habari ya spana peke yake, na akaisimulia vizuri, mtaa ukacheka. Mkewe hakucheka, maana aliona shati lake limefungwa vifungo upande. Wiki iliyofuata, mkono ulipokufa tena mbele ya sahani, binti yao hakuuliza mtu ruhusa. Alimwita mwenye teksi.

*

Daktari wa mishipa alikuwa kijana mcheshi mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na nje ya mlango wake kulikuwa na foleni ya watu kumi na tisa. Mkewe Fundi, ambaye watu walimwita Dobi kwa kuwa alifua shuka za nyumba mbili za wageni, aliketi na mkoba wake mapajani. Binti alisimama, kwa sababu viti vilikuwa viwili.

"Huu ni mshipa wa shingo, upande wa kushoto," daktari alisema, akigonga kioo cha kompyuta kwa kalamu. "Ndio unaopeleka damu kwenye sehemu ya ubongo inayoshika maneno, na mkono wa kulia. Mnaona hapa ulivyobanwa? Mafuta yameganda ukutani. Imebaki nafasi ya kupitisha uzi."

"Na ukiziba kabisa?" Dobi aliuliza.

"Mama, yaliyompata mara mbili ni hodi. La tatu linaweza kuingia na kukaa."

"Asiongee tena?"

"Asiongee. Mkono usishike. Au basi tu."

Daktari akaona futi ya chuma iliyochomoza kwenye mfuko wa shati la mgonjwa.

"Kwani mzee kazi yako nini?"

"Fundi bomba. Mwaka wa thelathini na nne huu."

"Basi nakufundisha nini mimi!" Daktari alichangamka, akavuta kiti. "Mimi na wewe kazi yetu moja. Bomba limeshika kutu kwa ndani, maji hayapiti. Unafanyaje?"

"Naingiza waya, nalizibua."

"Ndicho ninachofanya. Kukupasua shingo siwezi, moyo wako hautaki kulazwa usingizi mrefu. Kwa hiyo naingiza waya hapa pajani, napanda nao mpaka shingoni. Nikifika pale pembamba najaza kiputo, panapanuka, halafu naacha kibomba cha wavu wa chuma kishikilie ukuta usirudi. Na wewe uko macho, tunapiga soga."

"Kumbe!" Fundi akacheka, cheko lake la kwanza katika wiki mbili. Alimgeukia mkewe kuona kama amesikia.

"Halafu kuna chujio," daktari akaendelea huku akijaza fomu. "Linatangulia, linapita pale pembamba, linafunguka kwa mbele kama mwavuli. Vipande vikimeguka, linavidaka. Tukimaliza tunalikunja, tunatoka nalo. Sasa hilo bima hawalipi. Fomu inasema ni la hiari, ila mimi ningependa liwepo."

Bei aliyoitaja ilikuwa bei ya pikipiki iliyotumika kidogo. Binti alitazama sakafu. Fundi alitikisa kichwa, lakini si kwa bei. Au hivyo ndivyo alivyotaka waone.

"Chujio, daktari? Mimi nikizibua kutu, kitu cha kwanza nafungua chujio naliweka pembeni. Ukiliacha linajaa takataka, maji yanakwama. Chujio ndilo linaloziba bomba."

Daktari alilipenda jibu lile, akacheka mpaka akajiegemeza kwenye kiti. Alikuwa amefungua mdomo amweleze tofauti iliyopo nesi alipogonga na kusema yule wa kitanda cha nne anabadilika. Daktari akainuka. "Operesheni Ijumaa," alisema akiwa mlangoni. "Kama mtalitaka chujio, lilipiwe kabla ya Alhamisi saa kumi jioni, maana linaletwa kutoka ghala la mjini. Zungumzeni nyumbani, fundi. Uamuzi ni wako." Maelezo yaliyobaki mdomoni mwake yalikuwa ya sentensi moja tu. Aliondoka nayo.

Fundi alichukua kalamu iliyofungwa kwa kamba mezani, akaupiga mstari wa chujio michirizi miwili, akatia sahihi.

"Baba, hata hatujazungumza."

"Daktari mwenyewe kasema mimi na yeye kazi moja," Fundi alisema. "Wewe kazi yako kupokea simu za mawakili. Kapokee."

*

Siku mbili zile Fundi Bomba alikuwa na raha ambayo inamuuma mtu kuikumbuka. Aliwaeleza wote. Alimweleza kinyozi, akamweleza Muuza Mkaa wa jirani, kwamba daktari bingwa amemwekea kiti wakaongea kifundi. Kwa miaka mingi watu walimsalimia "Mambo, Fundi?" naye akajibu "Bomba!", mzaha wake mmoja ambao hakuwahi kuuchoka, na sasa aliujibu kwa sauti ya juu zaidi. Kama kulikuwa na hofu chini ya sauti ile, aliisikia mkewe peke yake.

Jumatano asubuhi maji yalirudi baada ya kukatika siku mbili. Dobi alikuwa uani na mabeseni mawili na shuka kumi na nane, nyeupe zote. Bomba la uani lilianza kukohoa, naye akafanya kama alivyofanya siku zote maji yanaporudi: alifunga kitambaa kikuukuu kwenye mdomo wa bomba. Na Fundi, kama alivyofanya siku zote, alikuja akakifungua.

"Unaua presha," alisema. "Mke wa fundi, bomba limevaa kilemba. Watu wanatucheka."

Ugomvi huo ulikuwa na umri wa ndoa yao. Kila mara Dobi aliinuka akakifunga upya akinung'unika. Safari hii alibaki ameketi. Alichukua shuka moja, akaitandaza ndani ya beseni, akalisukuma beseni kwa mguu mpaka chini ya bomba.

Maji yalitoka mekundu. Yalitoka na magamba ya kutu, mengine makubwa kama ukucha, yakatua juu ya shuka ya watu.

"Shuka hiyo!" Fundi alipiga kelele.

"Naiona. Nitailipa." Alimtazama. "Hii kutu imetokea wapi?"

"Ndani ya bomba."

"Imetoka kwa sababu bomba lina mdomo. Sawa? Sasa nionyeshe wewe mdomo wako uko wapi." Alinyoosha kidole chenye povu, akakigusisha shingoni mwa mumewe, akakipandisha taratibu, nyuma ya sikio, mpaka utosini. "Wakishazibua hapo, magamba yanapanda. Yanapanda, yanapanda. Yanamwagikia wapi, fundi?"

Fundi aliigusa shingo yake mwenyewe.

"Mimi shuka za wageni nazifungia kitambaa. Wewe ubongo wako hata kitambaa hauna?"

Alikuwa fundi mzuri, na ubaya wa fundi mzuri ni kwamba akishaona kosa hawezi kujifanya hajaliona. Aliliona pale pale, wazi, jinsi ambavyo angeona maungio yaliyovuja. Bomba lolote alilowahi kulizibua maishani mwake lilikuwa na upande wa pili. Hili la kwake upande wa pili lilikuwa na yeye mwenyewe. Angeweza kusema hivyo. Ilikuwa asubuhi nzuri, hapakuwa na mtu mwingine uani, na mkewe asingemcheka.

"Bomba ni bomba," alisema. "Usinifundishe kazi."

Alizima maji, akayafungulia tena, akasimama akiyatazama. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na hata kama. Pikipiki nzima nainunua kwa fedha gani?"

"Mdogo wako yupo."

"Yule?"

"Yule. Nani alimfundisha kushika spana?"

"Ndiyo maana siendi."

Mdogo wake sasa alikuwa mkandarasi, mwenye gari la vioo vyeusi na vibarua sitini. Mara ya mwisho walipokutana hadharani alimwita kaka yake "mzee wangu", kama anavyoitwa mtu yeyote mwenye mvi anayeomba kupishwa njiani. Dobi alilijua hilo, na lilimchoma yeye pia.

"Basi nitakwenda mimi," alisema.

"Ukienda, Ijumaa sitoki humu ndani. Nakuapia."

Dobi aliitoa shuka kwenye beseni. Aliisugua mpaka vidole vikamchubuka, na alama ya kutu haikutoka.

*

Alhamisi, saa sita mchana, Fundi Bomba alivaa viatu akasema anakwenda kuchukua kifaa chake kwa mtu. Alikwenda kwa mguu mpaka kwenye jengo ambalo mdogo wake alikuwa akilijenga, ghorofa ya tano ikiwa bado nondo tupu. Njia nzima alikuwa akiipanga sentensi yake. *Mdogo wangu, nimekosea kuhusu bomba, naomba unisaidie.* Neno "nimekosea" hakuwahi kulitumia pamoja na neno "bomba", na kila alipofika hapo ilimbidi aanze upya.

Mlinzi wa geti la mabati hakumwacha amalize salamu.

"Kibarua? Simama na wenzako pale."

"Namtaka mkandarasi. Ni mdogo wangu, tumbo moja."

"Wote hawa ni ndugu zake," mlinzi alisema, akionyesha wanaume kama ishirini waliochuchumaa kwenye kivuli cha uzio na makoleo yao. "Na mimi ni binamu yake. Simama pale, mzee."

Alisimama pale. Saa saba na nusu gari la vioo vyeusi lilifika, kioo kikashuka kidogo, na mdogo wake akamwona. Alikuwa na simu sikioni. Aliinua kidole kimoja: dakika moja. Geti likafunguka, gari likaingia, geti likafungwa.

Dakika ile ilikuwa ndefu. Fundi aliisubiri wima, kwa sababu aliona akichuchumaa atafanana na wale wengine. Saa tisa ilipokaribia mlinzi alitoka akaanza kuchagua watu wa kushusha saruji, na mikono ikamsukuma Fundi mstarini, na mtu akamuuliza, kwa wema kabisa, "Mzee, mfuko utauweza?" Wakati huohuo mkandarasi alitokea upande wa ndani na wageni watatu waliovaa kofia ngumu mpya, akiwaonyesha ukuta. Macho yake yakapita juu ya mstari wa vibarua, yakamkuta kaka yake katikati ya mifuko ya saruji.

Alidhani amekuja kuomba kibarua. Aliona aibu mbele ya wageni; aibu fupi, ya mtu mwenye shughuli. Akageuza uso, akaendelea kueleza habari za ukuta.

Fundi aliona ule uso ulivyogeuka. Aliwapisha watu kwenye mstari, akaondoka. Alikuwa bado yuko njiani redio ya kinyozi ilipotangaza saa kumi kamili.

Dobi alimpokea mlangoni, akaona vumbi la saruji kwenye viatu vyake.

"Umekwenda kwenye kazi!" alisema. "Kesho unaingizwa waya kichwani, leo unakwenda kubeba saruji! Ndicho kifaa ulichokwenda kuchukua hicho?"

Alitaka kumwambia. Alivua kiatu kimoja, akakigonga ukutani.

"Ndicho."

"Na lile jambo letu?"

"Bomba ni bomba, mama. Nimeshasema."

Dobi alimpigia pasi shati jeupe, akalitundika mlangoni, akalala amempa mgongo.

*

Mkandarasi alikuja hospitali Ijumaa asubuhi kwa kuwa binti alimpigia simu. Alikaa kwenye benchi, ananukia manukato, funguo za gari mkononi. Kaka yake alipopitishwa kwenye kitanda cha magurudumu, hakuweza kumtazama, akajifanya anasoma tangazo la kunawa mikono.

"Fundi mwenzangu," daktari alisema mlangoni, barakoa imeshuka kidevuni. "Chujio hukubadili mawazo?"

Fundi aligeuza kichwa kwenye mto. Alimtazama mdogo wake.

"Saa kumi imeshapita, daktari."

Daktari hakuelewa alichoambiwa. "Haya, usijali. Nimeshawafanyia wengi bila chujio. Wengi wametoka vizuri."

"Wengi," Dobi alirudia, peke yake.

Mlango ulipofungwa mkandarasi aliuliza, "Shemeji, chujio gani?"

"Kuna kitu kilitakiwa kinunuliwe. Cha kukinga vipande visipande kichwani. Mwisho wa kulipia ilikuwa jana saa kumi." Dobi alikuwa akikunja na kukunjua kanga yake. "Nilimwambia aje kwako. Nilimsihi. Kakataa katakata, kaenda zake kwenye vibarua."

Rangi ilimtoka mkandarasi usoni. Funguo zililia mkononi mwake, akazifumbata.

"Bei gani?"

Alimtajia. Zilikuwa fedha alizowahi kuwapa mafundi wa vioo vya gari bila kuomba wapunguze.

"Angekuja ningempa," alisema.

Ilikuwa kweli, na ndio uliokuwa uongo mkubwa kuliko wote aliowahi kusema. Aliinuka, akamfuata nesi aliyekuwa anapita na sinia, akatoa pochi hapohapo ukumbini. "Sista, naweza kulilipia sasa hivi? Lile chujio. Nalipa taslimu. Nitalifuata mwenyewe na gari."

"Ameshaingia, baba," nesi alisema. "Ganzi imeshachomwa. Kaa tu uombe Mungu."

Ndani, Fundi alikuwa macho kama alivyoahidiwa. Walimpa kichezeo mkono wa kulia: chura wa mpira, wa kijani, wa kuogea watoto, anayelia ukimbonyeza.

"Daktari akisema bonyeza, wewe bonyeza," nesi alimweleza. "Akilia, tunajua mkono upo na kichwa kipo."

"Miaka yangu hamsini na minane," Fundi alisema, "mnanipa chura?"

Walicheka, na sauti zikafika nje. Mlango ule ulikuwa na uwazi chini. *Bonyeza*, wakasikia, na chura akalia, *kwii*. Binti alishindwa kujizuia, akacheka huku machozi yanamtoka. *Bonyeza. Kwii.* Waya unapanda. *Bonyeza. Kwii.* Dobi alihesabu kwa vidole, mikono yote miwili, akaanza upya. Alimchukia chura yule na akampenda.

"Tumefika pembamba, fundi mwenzangu. Bonyeza."

*Kwii.*

"Najaza kiputo. Utasikia shingo inavuta kidogo. Tulia hivyohivyo. Bonyeza."

Dobi alisubiri na kidole kimekunjwa nusu.

"Bonyeza, fundi."

Mkandarasi aliinua kichwa.

"Mzee. Mzee, nibonyezee. Mzee, unanisikia? Sema jina lako. Sista, hebu tazama saa!"

Kukawa na vishindo vya miguu, magurudumu ya kitu kinachosukumwa, sauti tatu kwa pamoja. Kisha, waziwazi kabisa, chura akalia. *Kwii!*

"Amebonyeza!" Dobi alikuwa amesimama. "Mmesikia? Amebonyeza!"

Chura alikuwa sakafuni. Nesi alimkanyaga alipokuwa akikimbilia sindano.

*

Siku ya tisa Fundi Bomba alipata neno. Madaktari walikuwa wakipita vitandani, mkubwa wao mbele na wanafunzi nyuma, akamuuliza kama alivyowauliza wote, "Mzee, unaendeleaje leo?"

"Bomba," alisema Fundi.

Wodi nzima ilishangilia. Mgonjwa wa kitanda cha pili alipiga makofi. Nesi aliandika kwenye faili: *anaongea, mchangamfu, anasema yuko bomba.* Yule kijana wa mishipa peke yake hakucheka. Alibaki wenzake walipoondoka, akachomoa kalamu mfukoni.

"Mzee, hii nini?"

"Bomba."

"Na huyu nani?" Alimshika binti begani.

Fundi alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Alimjua, kila mtu aliona kwamba anamjua. Midomo ilihangaika.

"Bomba," alisema, na akaanza kulia kwa jicho moja.

Daktari aliirudisha kalamu mfukoni. Huenda aliikumbuka ile sentensi yake moja. Alimwambia Dobi kwamba samahani, akasema mazoezi husaidia wengine, akaondoka haraka. Lakini faili lilikuwa limeshaandikwa, na kitanda kilikuwa kinatakiwa, na mchangamfu anayejisemea mwenyewe hana sababu ya kukaa wodini. Walimruhusu mchana ule.

Mkandarasi alilipa kila kilichobaki. Alinunua kiti cha magurudumu, na kila Jumapili aliwaletea mfuko wa sukari na wa unga, akaiweka mlangoni na kuondoka kabla hajakaribishwa. Dobi alimsifu kwa watu. Alisema, "Shemeji yangu ana moyo. Ni huyu wangu tu aliyekuwa na kiburi."

Mwezi wa pili baada ya kurudi nyumbani, maji yalikatika tena kwa siku tatu, yakarudi asubuhi. Dobi alikuwa uani na shuka. Alimsogeza mumewe karibu na bomba, kwenye jua, kwa sababu alipenda kutazama maji. Bomba lilipoanza kukohoa alifunga kitambaa mdomoni mwake, na kwa haraka fundo likalegea.

Mkono wa kushoto wa Fundi ulinyooka. Dobi alidhani anataka kukifungua kitambaa kama zamani, akajiandaa kunung'unika, na kwa sekunde hiyo alifurahi. Lakini Fundi hakukifungua. Alilishika fundo kwa vidole vya mkono huo mzima, akalivuta ncha moja kwa meno, akalikaza. Alilikaza vizuri, kifundi, akalijaribu kwa kidole gumba kama linavuja. Maji yakatoka meupe.

Hapo ndipo lilipomtoka Dobi neno ambalo miezi miwili alikuwa amelifungia kifuani, amelilalia, amelimeza na chakula.

"Nilikuambia," alisema. "Nilikuambia, baba wee! Nilikuambia nenda kwa mdogo wako!"

Mara lilipotoka alilijutia, lakini lilikuwa limeshatoka. Fundi aliinua uso. Alikuwa nayo yote kichwani, imenyooka, haijapotea hata chembe: geti la mabati, kidole kimoja kilichoinuliwa, mstari wa vibarua, uso ulivyogeuka, na ile sentensi aliyoipanga njia nzima akarudi nayo haijasemwa. Alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea barabarani, upande wa lile jengo.

"Bomba," alisema. "Bomba. Bomba, bomba!"

Dobi alitazama barabarani, hakuona mtu.

"Nini? Unataka kwenda wapi? Kazini?" Alijifuta uso kwa kiwiko. "Kazi zimekwisha, mume wangu."

Muuza Mkaa alikuwa anapita nje ya uzio na gunia begani. Alisikia ile sauti, akasimama, akachungulia kwa bashasha.

"Fundi! Mambo vipi leo?"

Mkono wa Fundi ulikuwa bado uko juu, umenyooshwa. Aliushusha taratibu, akauweka pajani, juu ya ule mwingine.

"Bomba," alijibu.

"Huyo ndiye Fundi wetu!" Muuza Mkaa akacheka, akaliweka gunia vizuri begani, akaenda zake.